Karatasi Yenye Tarehe: Ramani za Topografia na Historia ya Mipaka katika Nyanda za Juu Kusini, kutoka Iringa hadi Mto Songwe

1. Utangulizi

Katika tasnifu nyingi za historia zilizoandikwa kuhusu Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ramani huonekana mara moja tu. Huwekwa katika sura ya kwanza au ya tatu, chini ya kichwa "eneo la utafiti", na baada ya hapo haitajwi tena. Barua ya ofisa wa wilaya wa Kiingereza huhojiwa vikali: nani aliiandika, lini, kwa nani, na alikuwa na maslahi gani. Karatasi ya ramani iliyochapwa miaka hiyohiyo, na serikali hiyohiyo, hupokelewa kana kwamba ardhi yenyewe imejieleza.

Hoja ya insha hii ni kwamba ramani ya topografia ni waraka wenye tarehe, na kwamba katika mikoa ya Mbeya na Iringa tarehe hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu vitu vitatu ambavyo ramani huvichukulia kuwa vimetulia, yaani majina, mito na mipaka, havikutulia. Msomaji anayepuuza tarehe ya karatasi hukosea mahali mji ulipokuwa, huona mto unaotiririka mwaka mzima pale ambapo hukauka, na anaweza kulihesabu shamba la mtu katika nchi isiyokuwa yake. Jambo la mwisho ndilo linalonishughulisha zaidi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya insha imetolewa kwa Mto Songwe. Nitaanza Iringa, nipite Usangu, kisha niteremke Kyela.

Ufafanuzi mmoja unahitajika kabla ya kuendelea. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Waraka wa miaka ya 1980 unaposema "Mbeya" unajumlisha Mbozi, Ileje na Tunduma. Aidha, iko mito miwili iitwayo Songwe, na vyanzo vyake haviko mbali sana: mmoja unaelekea kaskazini-magharibi hadi Ziwa Rukwa, mwingine unateremka kusini-mashariki hadi Ziwa Nyasa. Huu wa pili ndio mpaka na Malawi, na ndio ninaouzungumzia. Nimewahi kusoma kazi ya kitaaluma iliyoichanganya mito hii kwa kurasa kadhaa bila mwandishi wala msimamizi kushtuka.

2. Jinsi karatasi zilivyopatikana

Ramani kubwa ya kwanza iliyofunika eneo hili lote ni ile ya Kijerumani ya skeli ya 1:300,000, iliyoanza kutolewa katika miaka ya 1890 na kampuni ya Dietrich Reimer ya Berlin. Ilianzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade pamoja na Max Moisel. Wachoraji hawa walifanya kazi Berlin. Taarifa walizipata kutoka kwa maofisa, wamisionari na wasafiri waliotembea na misafara huku wakiandika katika madaftari yao mwelekeo wa dira na saa zilizotumika kutoka kambi moja hadi nyingine. Urefu wa mlima ulikadiriwa kwa kipimo cha mgandamizo wa hewa au kwa kupima joto ambalo maji huchemkia. Kwa hiyo ramani hiyo ni tajiri kando ya njia za misafara na maskini kila pasipo njia. Anayeitazama kwa makini anaona historia ya safari kabla ya kuona nchi: vijiji vimejipanga kama shanga kwenye uzi, na kati ya uzi na uzi pana weupe.

Majina nayo yalipatikana njiani, kwa kumuuliza kiongozi wa msafara au mpagazi, ambaye mara nyingi hakuwa Mhehe, Msangu wala Mnyakyusa. Jibu liliandikwa kwa masikio ya Kijerumani. Mara nyingi kilichoandikwa kuwa jina la mahali kilikuwa jina la mtawala aliyekaa hapo wakati huo, na mtawala akihama au akifa, jina hubaki kwenye ramani likiwa halina mwenyewe.

Kati ya vita viwili vya dunia Waingereza waliendelea kutegemea kazi ya Wajerumani kwa sehemu kubwa ya nchi. Kazi kubwa waliyoifanya wenyewe, na isiyoonekana na macho ya raia, ni upimaji wa tao la longitudo ya 30 mashariki, mnyororo wa pembetatu uliokusudiwa kuunganisha Afrika ya Kusini na Misri. Martin Hotine alishiriki kuuvusha Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hotine huyohuyo ndiye aliyepewa kuongoza Idara ya Upimaji ya Makoloni ilipoundwa Uingereza mwaka 1946, idara iliyobadilishwa jina mwaka 1957 kuwa ya Ng'ambo. Kati ya mwaka 1947 na 1952 ndege za Kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza zilipiga picha maeneo makubwa ya makoloni ya Afrika. Picha mbili zilizopigwa mfululizo zikitazamwa pamoja katika chombo maalumu huonesha milima na mabonde kana kwamba yameinuka mezani, na hapo mchoraji huweza kufuata kontua bila kukanyaga nchi. Hiyo ndiyo asili ya karatasi za 1:50,000 ambazo hadi leo wanafunzi wa sekondari hufanyia mtihani wa Jiografia. Kila karatasi inafunika dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, yaani kama kilomita 27 na nusu kila upande.

Karatasi hizi zina tarehe zaidi ya moja. Iko tarehe ya picha, iko tarehe ya uchapaji, na kati yake huweza kupita miaka mingi. Nyumba zinazooneshwa kwa vidoto vyeusi ni nyumba za siku ndege ilipopita. Kwa mkoa wa Iringa jambo hili ni zito, kwani Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976 iliwaondoa watu kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya kwenye vijiji vya barabarani. Karatasi iliyotokana na picha za kabla ya operesheni hiyo ni sensa ya makazi ambayo hayapo tena. Mtafiti wa historia ya jamii anayeitafuta Isimani au Uhehe ya kale hana waraka bora kuliko huo. Lakini anayeitumia kueleza makazi ya mwaka 1980 anaeleza nchi iliyokwisha hamwa.

3. Iringa: jina lililohamia mlima mwingine

Neno Iringa linatokana na lilinga la Kihehe, yaani ngome. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Wajerumani waliiteka tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kulishinda jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Mwaka 1896 Tom von Prince alijenga boma jipya juu ya mwinuko, takriban kilomita 15 kutoka Kalenga, na boma hilo likaitwa Iringa Mpya. Kwa miaka kadhaa ramani za Kijerumani zilionesha Iringa mbili, ya kale na mpya. Kisha "kale" likafutika pamoja na mji, na "mpya" likaondolewa kwa kuwa halikuwa na kazi tena. Iliyobaki ni Iringa moja, mahali ambapo Mkwawa hakuwahi kuwa na ngome.

Haya si mambo ya udadisi tu. Barua, ripoti za kijeshi na kumbukumbu za wamisionari za miaka ya 1890 zinapotaja "Iringa", msomaji lazima aulize tarehe kabla ya kuweka nukta kwenye ramani yake. Kabla ya mwaka 1896 ni Kalenga. Baada ya hapo inategemea mwandishi. Nimeona hifadhidata za kisasa zinazowapa watafiti latitudo na longitudo za majina ya kale, nazo huliweka kila tukio la Iringa mahali palipo mji wa leo, ikiwa ni pamoja na vita ya mwaka 1894. Kompyuta haikukosea hesabu. Ililishwa jina bila tarehe.

Utengule inatoa mfano wa namna nyingine, ambapo jina lilihama na mwenyewe. Watawala wa Usangu walioitwa Merere walipofukuzwa na Wahehe kwenye tambarare yao walijenga makao Usafwa, upande wa Mbeya ya leo, na makao hayo nayo yakaitwa Utengule. Wamisionari wa Moravian waliofika mwaka 1895 wakafungua kituo hapo. Baada ya nguvu za Kalenga kuvunjwa, Merere alirejea Usangu. Ndiyo maana hadi leo tuna Utengule Usangu na Utengule Usongwe, na ndiyo maana chanzo cha Kimoravian na chanzo cha kijeshi vinaweza kuandika neno moja huku vikitazama pande tofauti za Milima ya Poroto. Upande wa Rungwe, Langenburg, iliyopewa jina la mwanamfalme aliyeongoza Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, ilihama kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa hadi milimani, ikaitwa Langenburg Mpya, nayo ndiyo Tukuyu. Kuhusu mji wa Mbeya hakuna haja ya kusema mengi: ulianza mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa, na anayeutafuta kwenye ramani ya Kijerumani ataukuta mlima peke yake.

4. Usangu: mstari wa buluu

Majina yakikosewa, mwanahistoria hupotea. Mistari ikikosewa, hupotea mkulima. Tambarare ya Usangu, ambayo kwa sehemu kubwa iko Wilaya ya Mbarali, hupokea maji kutoka Poroto na Kipengere na kuyakusanya katika Ruaha Mkuu. Karatasi za zamani zinauonesha mto huu kwa alama ya mto wa kudumu. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sababu zake zimebishaniwa sana: mashamba ya mpunga, mifugo, umeme wa Mtera na Kidatu. Sitaingia katika ubishi huo. Ninachotaka kionekane ni kwamba pande zote zilizobishana zilikuwa na karatasi ileile mezani, na mstari ule wa buluu ulisomwa kama ahadi ya asili kwamba mto "unapaswa" kuwa hivyo.

Ihefu ni ngumu zaidi. Kinamasi hupanuka masika na kusinyaa kiangazi, na mchoraji hana budi kukiwekea ukingo mmoja. Ukingo aliouchora ni wa msimu wa picha yake. Pori la Akiba la Usangu lilitangazwa mwaka 1998. Wafugaji waliondolewa mwaka 2006 na 2007. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, pori liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo ikafikia kilomita za mraba 20,226. Mpaka huo ulivikuta ndani yake vijiji na mashamba ya Mbarali, na kwa miaka 15 maneno "GN 28" yalitamkwa vijijini kama jina la ugonjwa. Tangazo Namba 754 la mwaka 2023 lilirekebisha mpaka. Katika matangazo ya aina hii mpaka huelezwa kwa maneno: kutoka nukta fulani, kufuata kijito, hadi makutano, kisha mstari ulionyooka. Maneno hayo hutungwa mbele ya ramani. Kama kijito kimehama au kimekufa tangu siku ya picha, sheria inaendelea kukifuata mahali kilipokuwa, na mwanakijiji anaonekana mvamizi wa mto asioujua.

5. Songwe: mkataba ulioandikwa juu ya ramani

Mpaka wa kusini wa Mbeya ulizaliwa mezani tarehe 1 Julai 1890, katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani ambao hukumbukwa kwa visiwa vyake, Heligoland na Zanzibar. Ibara ya kwanza inaeleza kwamba mpaka, ukitoka upande wa Ruvuma, utafuata mwambao wa mashariki, kaskazini na magharibi wa Ziwa Nyasa hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Mto Songwe. Utaupanda mto huo hadi unapokutana na longitudo ya 33 mashariki. Utaendelea na mto hadi pale unapolikaribia zaidi bonde la Kongo kama lilivyoelezwa na Mkutano wa Berlin. Utalifuata bonde hilo hadi longitudo ya 32, na kutoka hapo utakwenda moja kwa moja hadi makutano ya matawi mawili ya Mto Kalambo, ambao utaufuata hadi Ziwa Tanganyika. Kisha yanakuja maneno ambayo wanahistoria wengi huyapita haraka: kwamba mwendo huo umechorwa kwa kufuata, kwa jumla, ramani ya uwanda wa Nyasa na Tanganyika iliyotayarishwa rasmi kwa ajili ya Serikali ya Uingereza mwaka 1889.

Mkataba, kwa hiyo, unaielezea karatasi. Nchi inafuata baadaye. Na karatasi hiyo ilitokana na habari za wasafiri wachache, kama Joseph Thomson na mhandisi James Stewart waliofika uwanda huo mwaka 1879, pamoja na watu wa barabara ya Stevenson iliyokusudiwa kuunganisha maziwa mawili. Uingereza ilitaka barabara hiyo ibaki upande wake, na huo ndio uliokuwa msukumo wa kuusogeza mstari kaskazini. Hakuna aliyekuwa ameupima mto wote. Hakuna aliyekuwa ametembea kwenye mgongo unaogawa maji.

Mgongo huo wenyewe ni wa kutatiza. Karibu na Tunduma zinakutana pande tatu za mifereji ya asili: maji ya kusini-magharibi huenda Chambeshi na hatimaye Kongo, ya kaskazini huenda Rukwa, ya mashariki huenda Nyasa na hatimaye Zambezi. Mtu angetarajia milima mikali ya kuzigawa. Kinyume chake, sehemu kubwa ni uwanda wa miinuko hafifu, na mtu anaweza kuuvuka mgawo wa maji bila kuhisi amepanda. Kusema "mpaka wa bonde la Kongo" ni rahisi Berlin. Kuuonesha kwa kidole Mbozi kunahitaji kontua, na mwaka 1890 kontua hazikuwapo.

Longitudo nazo zilikuwa tatizo. Latitudo hupatikana kwa jua na nyota, lakini longitudo inahitaji saa inayoaminika, kwa kuwa dunia huzunguka dakika moja ya tao kwa kila sekunde 4. Saa ikikosea sekunde 4 tu, mpimaji aliye kwenye latitudo ya Mbeya anajikuta mahali pengine kwa zaidi ya kilomita 1.8. Saa za misafara, zilizobebwa kichwani kwa wiki nyingi juani na mvuani, zilikosea zaidi ya hapo. Kila aliyesema "longitudo ya 33" kabla ya upimaji wa kweli alikuwa akitaja mahali asipoweza kupaonesha.

Mwaka 1898 serikali mbili zilituma tume ya pamoja. Upande wa Uingereza uliongozwa na Kapteni Charles Close, ambaye baadaye aliongoza idara ya ramani ya taifa lake. Upande wa Ujerumani ulikuwa chini ya Kapteni Herrmann, pamoja na Luteni Glauning na mwanaastronomia Kohlschütter. Walipima, wakaweka alama, wakachora. Ibara ya sita ya mkataba wa mwaka 1890 iliruhusu marekebisho kwa kufuata mahitaji ya mahali, na matokeo ya kazi yao yaliingizwa katika makubaliano yaliyotiwa saini Berlin tarehe 23 Februari 1901. Kwa kipande cha kati ya Songwe na Kalambo, bikoni na vijito vilichukua nafasi ya mistari ya kufikirika. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa kazi ya heshima: mara moja katika historia ya mpaka huu, ramani iliinama mbele ya nchi.

Hapo ndipo ugumu wa Songwe unapoanza, kwa sababu mto uliachwa kama ulivyo. Sehemu ya juu, katika milima ya Ileje na Misuku, haina taabu. Mto umebanwa na miamba, nao Wandali na Walambya wa pande mbili wamevuka mpaka huo kwa ndoa na biashara bila kutilia shaka ulipo. Lakini unapofika tambarare ya Kyela, mto hubadilika tabia. Huko mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, udongo ni laini, mteremko ni mdogo sana, na maji yanayoshuka yamebeba mchanga na matope. Mto hujikunja kama nyoka, hula ukingo mmoja na kujaza mwingine, na mafuriko makubwa yakija hukata shingo ya mkunjo na kujichimbia njia mpya. Mkunjo ulioachwa hubaki kama kiziwa chenye umbo la mwezi mwandamo.

Sheria ya kimataifa hutofautisha hali hizi mbili. Mto ukihama polepole, kwa kula na kujaza, mpaka huhama nao. Ukihama ghafla, mpaka hubaki katika mkondo wa zamani hata ukiwa mkavu. Ni kanuni nzuri kwa anayeisoma darasani. Katika tambarare ya Kyela kanuni hiyo inamtaka mkulima wa mpunga akumbuke, kwa kila kipande cha shamba lake, kama mto ulikifikia kidogo kidogo au kwa usiku mmoja. Na inaitaka serikali ithibitishe hivyo, kwa ushahidi upi? Ramani za topografia. Tumerudi kwenye tarehe.

Karatasi ya 1:50,000 ya eneo hili inaonesha mto wa siku ya picha, na alama ya mpaka wa kimataifa imechorwa ikifuata mto huo kwa uaminifu, kwa kuwa mchoraji aliambiwa kwamba mpaka ni mto. Hakupewa kazi ya kuuliza mto ulikuwa wapi mwaka 1901. Karatasi za upande wa Malawi, zilizoanza chini ya idara hiyohiyo ya Uingereza, zina tarehe zake. Mtafiti akiziweka pamoja, kisha akaweka juu yake picha ya setilaiti ya leo, hapati mto mmoja. Anapata mafundo ya mito, na alama ya mpaka iliyoandamana na kila mmoja. Vipande vilivyofungwa kati ya mafundo hayo si vikubwa kwa macho ya Dodoma au Lilongwe, lakini kwa kaya inayoishi kwa magunia ya mpunga ndiyo mali yote. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanasikilizana lugha, na kwa karne nyingi mto kuhama ulikuwa msiba wa shamba tu. Baada ya mwaka 1901 ukawa msiba wa uraia pia: shule ya mtoto, kodi, kitambulisho, na swali la askari aliye Kasumulu.

6. Mdomo wa mto

Mzozo wa ziwa wenyewe umeandikwa sana, na sitaurudia wote. Malawi hushikilia maneno ya mwaka 1890 kuhusu mwambao. Tanzania hushikilia mstari wa katikati ya ziwa. Suala liliibuka hadharani mwaka 1967, likarudi mwaka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, na likapelekwa kwa usuluhishi wa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano. Azimio la Cairo la mwaka 1964, linalotaka nchi za Afrika ziheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, hutumiwa na pande zote mbili kwa kuwa kila upande una ramani yake ya siku hiyo. Ramani na ripoti za Waingereza hazikubaliani: nyingine ziliuweka mpaka katikati ya maji, nyingine ufukweni, ingawa aliyetawala pande zote mbili za ziwa alikuwa mmoja. Wanasheria huzihesabu ramani hizo kama kura. Kazi ya mwanahistoria ingekuwa kuuliza kila moja ilichorwa na ofisi gani, kwa kunakili karatasi ipi, kwani ramani kumi zilizonakili kosa moja ni shahidi mmoja.

Ninachotaka kuongeza kinahusu nukta moja, ile ambapo mpaka wa ziwa unaungana na mpaka wa mto: ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe. Hata mtu anayeukubali mwambao kuwa mpaka lazima aseme mwambao wa mwaka gani. Ziwa Nyasa halikutoa maji katika Mto Shire tangu mwaka 1915 hadi mwaka 1935 kwa sababu ya kupungua kina, na kufikia mwaka 1980 lilikuwa limepanda kwa mita kadhaa juu ya kiwango hicho. Katika ufuko wenye mwamba, kama chini ya Milima ya Livingstone, mita hizo hazibadili mengi. Kyela ni tambarare, na kila mita ya maji hula au kurudisha ardhi pana. Mdomo wa mto, unaojenga delta kwa matope yake na wakati huohuo kuhama pamoja na mto, ndio mahali pasipotulia kuliko pote katika mpaka wote wa Tanzania, na ndipo waandishi wa mkataba walipochagua kuweka kigingi chao. Kwenye ramani ya mwaka 1889 palikuwa nukta safi: mstari unaingia kwenye ukingo wa buluu.

Serikali za Tanzania na Malawi hazikungoja wanahistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilianza pamoja upembuzi yakinifu wa namna ya kuutuliza mwendo wa Songwe, na wazo hilo likapanuka kuwa mpango wa bonde zima wenye mabwawa, umeme na umwagiliaji. Mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Mto Songwe, yenye makao yake Kyela. Katika mpango huo mabwawa ya juu yatapunguza mafuriko, na mto ukipungua nguvu utaacha kukata mikunjo mipya. Kabla ya zege kumwagwa, wahandisi watalazimika kukubaliana ni mkondo upi utakaotulizwa: wa karatasi za Tanzania, wa karatasi za Malawi, wa siku ya bikoni za Close na Herrmann, au ule ambao mkulima wa Kyela ameuona asubuhi hii akienda shambani.